Ploti Tuliyoiazima

Ploti namba 2217 sikuwahi kuikanyaga. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa, na kwa sababu mtu akishatimiza miaka hamsini na tisa huchoka kuzungukazunguka.

Orodha ya mavuno ya kipupwe ilifika mezani kwangu Jumatatu moja ya Mei, ukungu ukiwa umekaa juu ya Ihanzi siku kumi na moja bila kupumzika. Kila mwaka orodha hiyo hupita kwangu kabla ya mchwa kuondoka. Mchwa ni mashine. Ziko arobaini, zina miguu sita sita, zinakata mti, zinaupasua na kuubeba hadi barabarani bila mtu hata mmoja kushika shoka. Zenyewe hazina ubaya. Zinakwenda ramani inakoziambia ziende, zinakata ramani inachosema kikatwe, na zikimaliza zinarudi kulala. Ningependa na mimi kuishi hivyo.

Nilikuwa napitisha kidole kwenye orodha huku nikinywa chai iliyopoa. Mstari wa kumi na saba ukasema: Bonde la Lwiva, mikaratusi ya kupandwa, hekta mia mbili na kumi, msingi wa makadirio ploti 2217, kuvunwa kuanzia tarehe ishirini. Nikaweka kikombe chini. Zilibaki siku tisa.

Kwa anayetoka mbali, niseme kidogo. Huku juu kipupwe hukaa miezi mitatu na jua hatulioni, na mito iliyozungusha mitambo ya mabwawa ilikauka wakati wa bibi yangu. Tunaishi kwa kuni, kama walivyoishi wahenga, ila kuni zetu sisi zina ramani. Jiko la Ihanzi linachoma vipande vya miti na kutoa umeme na maji ya moto kwa miji minne na vijiji ishirini na sita. Eneo lote linalolilisha tunaliita kapu. Ukiliona kwenye ramani kapu si duara. Linanyoosha vidole kufuata barabara na kujikunja penye mteremko mkali, kwa sababu ukiufuata mti mbali mno, nguvu ya kuuleta inazidi nguvu iliyomo ndani yake. Sheria ni moja: kapu lazima litoshe kwa miaka thelathini ijayo, kila mwaka likihesabiwa upya. Mimi, Fausta Ngailo, ndiye Mhakiki Mkuu wa kapu hilo. Kazi yangu ni kuapa kwamba kilichomo kwenye ramani kimo pia ardhini.

Vyombo vya angani hupima urefu wa kila mti kwa miale, usiku na mchana. Lakini angani urefu ni urefu tu. Mti wa aina gani, umepandwa na mtu au umeoteshwa na Mungu, hilo huapiwa na miguu. Ndiyo maana kuna ploti: duara la mita kumi na tano, wahakiki wawili wanashuka, wanazungusha utepe kwenye kila shina usawa wa kifua, wanataja jina la mti, wanaweka viganja vyao viwili kwenye fimbo ya kumbukumbu. Hesabu za ploti moja hutumika kulikadiria bonde zima.

Na sisi wahakiki tulikuwa na desturi yetu ambayo haikuandikwa popote. Ikiwa ploti imekaa pabaya, mvua imekushika, mwenzako anaumwa, unachukua hesabu za ploti jirani na kuziandika. Tuliita kuazima. Haikuwa aibu kubwa. Kila mhakiki aliwahi kuazima, na aliyekataa alikuwa mwongo au mgeni wa kazi. Ila masharti yalikuwa kwamba ukiazima, masika yajayo urudi, ushuke, urudishe.

Miaka ishirini na moja iliyopita mimi na Gaudensi Mdemu tulisimama juu ya Bonde la Lwiva tukiwa na ploti moja imebaki. Tulikuwa porini siku ya thelathini na moja. Gaudensi alikuwa na kifua hata wakati ule. Alikaa kwenye kisiki, akakohoa mpaka macho yakamtoka, akasema twende. Nikatazama chini. Ukungu mtupu, na mteremko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili. Nikamwambia, tuazime. Juu ya mgongo tulipokuwa tumesimama kulikuwa na mikaratusi iliyopandwa na serikali ya wakati huo, tumetoka kuipima asubuhi ile. Nikaandika hesabu zake kwenye 2217. Gaudensi aliniangalia kama mtu anayetaka kukataa, halafu akaweka kiganja. Nilifanya kwa ajili ya kifua chake, na leo nikisema hivyo naona ninavyojitetea, maana miguu yangu nayo ilikuwa inauma.

Masika yaliyofuata Gaudensi alilazwa na mimi nikapewa ofisi. Hatukurudisha.

*

Jumanne nilishuka peke yangu. Nilikwenda na kamba, mkate, na dawa ya kuchua magoti. Mikaratusi ya juu ilikuwa bado ipo, imenyooka kwa mistari, chini yake hakuna hata jani la kuliwa na sungura. Nikashuka mita mia nikitegemea iendelee. Haikuendelea.

Ilikoma ghafla kwenye ukingo wa mawe, na kuanzia hapo kilikuwa kitu kingine. Niliuona mpodo wa kwanza ambao watu watatu wasingeukumbatia. Kisha miloliondo, kisha miti ambayo majina yake niliyajua kwa Kibena tu kwa sababu marehemu baba alikuwa akiyataja, na mingine ambayo hata baba sidhani kama aliijua. Matawi yote yalikuwa na ndevu za kijivu zinazochuruzika maji. Hakukuwa na mvua. Ukungu ulikuwa unashikwa na zile ndevu, unageuka matone, matone yanaanguka kwenye majani yaliyooza, na chini ya majani kulikuwa na maji yanayotembea. Niliyafuata. Yalikuwa yanakusanyika kwenye jiwe moja lililochongoka na kuondoka hapo yakiwa mto.

Huo ndio Mto Lwiva. Vijiji vitatu vya chini vinaunywa, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika kwenye taarifa kwamba chanzo chake ni "chemchemi za mgongo wa kaskazini." Niliandika nikiwa ofisini.

Nikakaa kwenye mzizi. Nilitaka kulia, lakini nilichoka mno, nikala mkate. Urefu wa miti ile ulikuwa sawasawa na ule wa mikaratusi ya juu, kwa hiyo miaka ishirini na moja vyombo vya angani vilipita, vikapima, vikaona hesabu zangu zinakubaliana na vipimo vyao, vikaendelea. Msitu wa asili hauvunwi. Sheria hiyo ni kali, na mashine zenyewe zimefungwa zisiuguse. Lakini kwenye ramani huu haukuwa msitu wa asili. Ulikuwa shamba la mikaratusi kwa kiapo cha watu wawili. Mbele ya mchwa, kiapo kina nguvu kuliko mti wenyewe.

Hata hivyo nilipanga ploti. Nilifunga kamba katikati, nikazunguka mita kumi na tano kila upande, nikapima kila shina na kutaja kila jina nililolijua. Ilinichukua saa tano. Nikaweka kiganja changu kwenye fimbo, nayo ikanijibu kama ilivyofundishwa kujibu: marekebisho ya kiapo yanahitaji viganja vya walioapa. Kimoja kimepokelewa.

*

Mkuu wa Kapu ni mama mmoja anaitwa Editruda Kilasi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na minane, na ana macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu apewe ile ofisi. Nilimweleza yote. Sikuficha la kuazima. Yeye hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Aligeuza meza yake, ile yenye kapu zima limechorwa, akagusa Bonde la Lwiva na kuliondoa.

Kapu likajipanga upya mbele yetu. Vidole vyake vikajaribu kurefuka kutafuta kuni kwingine, vikafika mahali ambapo safari inakula zaidi ya inacholeta, vikarudi. Rangi ya kijani ikapauka miaka yote thelathini. Pengo lilikuwa asilimia nne. Kisha mwisho kabisa wa waya wa mashariki, taa moja ndogo ikazimika kwenye meza.

Sheria hiyo naijua, nilikuwepo ilipotungwa. Kapu lisipotosha, hukatwa kijiji kilichoungwa mwisho, siku hiyohiyo, ili wengine wote wasizimikiwe. Watu huita kukata mkia. Waliokatwa hupewa nafasi kwenye makambi ya tambarare, na wengi huishia huko.

Nikauliza ni kijiji gani, ingawa nilikuwa nimeshaona.

"Itowo," Editruda akasema. "Kaya themanini na mbili."

Gaudensi Mdemu anaishi Itowo. Alihamia kwa dada yake baada ya kustaafu, akisema hewa ya kule ni nyepesi. Mapafu yake sasa hayajui tena hewa nyepesi wala nzito. Kwa miaka miwili anapumua kwa mashine inayochuja oksijeni, iko kando ya kitanda chake, imechomekwa ukutani. Betri yake hudumu saa nne.

Nilimuuliza Editruda kama haiwezekani kukata taa za barabarani mjini badala ya kijiji. Akasema zilikatwa miaka miwili iliyopita, sikuona? Nikauliza kuhusu Wodi ya Hewa ya mjini. Akapiga simu palepale, akasikiliza, akaandika. Kulikuwa na vitanda ishirini na vinne, vyote vimejaa, na Gaudensi alikuwa kwenye foleni tangu Januari. Mbele yake watu kumi. Foleni ilikuwa inasogea kwa watu watatu au wanne kwa mwezi, na hatukuulizana inasogeaje, kwa sababu katika wodi ile hakuna anayepona akarudi nyumbani.

Akasema polepole kwamba mavuno yakienda kama yalivyopangwa, hakuna mtu atakayejua. Mto ungekauka baada ya mwaka au miwili, na mito mingi imekauka.

"Sikulazimishi, mama," akasema. "Nakuonyesha milango yote iliyopo. Nami nikiwa peke yangu sijui ningeingia upi."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nikatoka nimebeba fimbo na kibao chake kinachobanduka, kile cha kuwekea kiganja, nikapanda gari la kwenda Itowo.

*

Dada yake Gaudensi alinifungulia, akanipa kiti na viazi vya kuchemsha, akatuacha. Chumba kilikuwa na joto zuri la bomba. Mashine ilikuwa inapumua kwa sauti yake ileile, sekunde tatu ndani, sekunde tatu nje, na Gaudensi alikuwa amekaa kitandani na mrija puani, amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa juu ya mabega. Tulisalimiana kamwene, kamwene, kama zamani porini. Akatania kwamba nimezeeka. Nikamwambia yeye ndiye aliyenizeesha.

Nilimwambia habari za 2217 tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia la msitu, la mto, la asilimia nne na la Itowo. Kisha nikaweka kibao mapajani mwangu, si mapajani mwake.

Siwezi kudanganya kuhusu nilichokuwa nakitarajia. Njia nzima nilikuwa nimemtengenezea Gaudensi maneno mazuri ya kusema. Kwamba ameishi vya kutosha, kwamba vijiji vitatu ni watu elfu nne, kwamba Mungu ndiye mpaji. Nilikuwa nimeshamlilia kabisa nikiwa kwenye gari.

Mashine ikavuta na kutoa.

"Hapana, dada Fausta," akasema. "Sitaweka."

Nikamwambia afikirie vizuri.

"Nimefikiri. Wewe hujui kukosa pumzi ni nini. Mwaka juzi umeme ulikatika kwa saa tano, betri ikaisha, nikabaki saa nzima. Nilimlamba dada yangu mkono nikimwomba aniue. Mimi si mtu mbaya, ila nataka kupumua. Kama ungenijia na kifo cha usingizini ningekupa viganja vyote viwili."

Nilisema jambo ambalo nalijutia. Nilimwambia kwamba niliazima kwa ajili ya kifua chake.

Akanitazama bila hasira. Akasema anakumbuka. Akasema pia anakumbuka kwamba siku ile yeye ndiye aliyesema twende, na mimi ndiye niliyesema tuazime.

Ni kweli. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na pale nilikuwa uchi kabisa. Nikachukua kibao changu. Mlangoni nikageuka kumuaga, naye alikuwa ameshafumba macho, mkono wake umeshika ule mrija kama mtoto anavyoshika ukingo wa shuka.

Dada yake alinisindikiza hadi barabarani. Hakuuliza nilikuja na nini. Alisema tu kwamba kaka yake hula vizuri siku akipata mgeni.

*

Kuna kifungu kimoja katika sheria ya ramani ambacho hakitumiki sana. Kinasema kwamba kufungua uhakiki wa mpaka ni haki ya mmoja, kufunga ni ya wawili. Yaani mhakiki yeyote akisimama kwenye mpaka wa eneo na kuanza kuuzunguka kwa miguu, fimbo mkononi, eneo hilo huhesabika kuwa linahakikiwa, na mchwa hawaingii mpaka amalize mzunguko. Wakati huo wote ramani inabaki na hesabu zake za zamani, kwa hiyo kapu linaonekana limetosha na mkia haukatwi. Akimaliza na viganja viwili vikawepo, kiapo kinabadilika. Akimaliza na kiganja kimoja, pingamizi linafutwa na mchwa wanaingia. Na ili wavivu wasije wakawasimamisha mchwa milele kwa kukaa kwenye jiwe, mzungukaji lazima apige angalau hatua mia moja kila siku. Siku akipungukiwa, pingamizi limekufa.

Mpaka wa Bonde la Lwiva, kwa hatua zangu fupi za sasa, ni hatua elfu tisa na mia nne.

Siku ya tarehe kumi na tisa nilisimama kwenye ukingo wa mawe, nikachomeka fimbo, nikafungua. Kesho yake alfajiri mchwa walikuja, arobaini, wakajipanga kwenye barabara ya juu. Walisimama pale kama dakika mbili taa zao zikiwaka manjano. Halafu wakageuka mmoja mmoja wakaenda kwenye shamba lililokuwa limepangwa kukatwa mwaka kesho. Editruda alinipigia redio akaniambia niwe naelewa kwamba kila siku ninayozunguka Jiko linakula kuni za mwakani. Nikamwambia naelewa. Akasema atamtuma mtu aniletee hema na magimbi, na akamtuma kweli.

Sikuwa na mpango wowote. Napenda watu wafahamu hilo, maana baadaye ilisemwa kwamba Mhakiki Mkuu alikuwa na hesabu zake. Nilikuwa na hasira tu. Nilimkasirikia Gaudensi kwa kutaka kuishi, nikajikasirikia mimi kwa kumkasirikia, na hasira ikanipa miguu. Siku ya kwanza nilipiga hatua mia tano. Siku ya pili mia tano. Nilikuwa naparamia mawe na kushuka kwenye makorongo nikisema moyoni, acha iishe, iishe haraka, Gaudensi aone alichokikataa. Kanuni inataka mzungukaji ataje kwa sauti kila anachokiona mpakani, na fimbo inarekodi, na kila jioni kumbukumbu hiyo inasomwa redioni kwa wote walioapa. Kwa hiyo nilitaja. Mpodo, kipenyo sentimita mia na kumi. Mloliondo, umeanguka, unaota uyoga. Maji yanatoka chini ya jiwe, upana wa kiganja. Kima weusi, saba, mmoja ana mtoto. Mti nisioujua. Mti nisioujua, magamba yake mekundu yanabanduka. Maji tena.

Sikukumbuka kwamba walioapa tulikuwa wawili. Au nilikumbuka nikajifanya sikumbuki. Uchovu una tabia hiyo, unakupa mahali pa kujificha.

Siku ya sita, mchana, nilikuwa nimekaa navua kiatu. Nilikuwa nimeshapiga hatua elfu tatu. Kucha ya dole gumba ilikuwa imegeuka nyeusi na goti la kushoto limevimba, nikawa najiuliza kama kesho nitaweza. Redio ikaita. Haikuwa ofisi. Kwanza nilisikia mashine, ndani, nje, kisha sauti ya Gaudensi.

Alianza kwa kuuliza kama nimekula. Nikasema magimbi. Akauliza kama yale maji niliyoyataja jana, ya kwenye jiwe lililochongoka, ni baridi sana. Nikamwambia yanaumiza meno. Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri. Akasema amekuwa akisikiliza kila jioni, na dada yake anakuja kukaa kitandani kusikiliza pia, na majirani wawili. Akasema miaka ishirini na moja amekuwa akijiuliza kule chini kulikuwa na nini.

"Kuna huo mti unaosema huujui," akasema. "Wenye magamba mekundu yanayobanduka. Babu yetu alikuwa anauita mlungulungu. Uandike."

Nikauandika.

Kisha akaniuliza zimebaki hatua ngapi.

"Elfu sita na mia nne."

Nikasikia akihesabu. Alikuwa mzuri wa hesabu kuliko mimi, siku zote, yeye alikuwa anakokotoa kichwani na mimi nahangaika na kalamu. Nilijua anachokokotoa: kwa hatua mia kwa siku, siku sitini na nne. Akaniambia hospitali ilikuwa imempigia dada yake asubuhi ile. Mbele yake walikuwa wamebaki tisa.

Ndevu za miti zilikuwa zinachuruzika juu ya hema langu. Nilifikiria zile hatua mia nne za ziada nilizokuwa nazipiga kila siku kwa hasira, siku sita, na kila hatua mia ilikuwa siku yake moja. Nilikuwa nimemkanyagia siku ishirini na nne. Nilitaka kumwambia, nikashindwa pa kuanzia, na nadhani alikuwa ameshakokotoa na hilo.

"Fausta," akasema. "Siku utakayofunga, niletee hicho kibao. Nitaweka kiganja. Nikiwa nimelala hapa au kule wodini au popote, nitaweka, nimemwambia dada awe shahidi."

Nikasema ahsante, neno dogo kuliko yote niliyowahi kusema.

Mashine ikavuta, ikatoa. Nilidhani amemaliza. Nilikuwa napeleka kidole kuzima redio aliposema tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu ambacho anaona haya kukiomba.

"Ila dada yangu, tembea polepole."

Kesho yake niliamka na jua ambalo halikuonekana, nikavaa viatu, nikashika fimbo. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika mia moja nilisimama, nikakaa palepale kwenye majani yaliyolowa, na sikunyanyua mguu tena mpaka siku iliyofuata.